Mashini Iliyodai Paa Lisiloezekwa

Nianze na kiboko, halafu kazi itakuja yenyewe. Wakazi wa Bujumbura hawatashangaa, maana ziwa liko mlangoni, na kiboko akitaka kutembea hakuna anayemwomba kitambulisho. Lakini viboko wengi hutembea gizani. Huyu alikuja mchana, siku ya watu wengi, akapanda kutoka upande wa ziwa mpaka kwetu Buyenzi, akasimama mbele ya duka la Mzee Salumu kama mtu anayesoma bei. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo pale sokoni. Mafundi cherehani waliingiza vyerehani ndani, wauza samaki wakawaacha samaki wao, na mtaa mzima ukahamia juu ya kuta.

Mzee Salumu alitoka katika zile familia za Kiarabu zilizofika zamani kutoka Omani kwa njia ya Ujiji, zikaja na vitambaa, zikabaki. Watu wakawa wanampigia kelele kutoka juu ya kuta afunge mlango. Akatoka na makubazi yake, akamtazama kiboko, akawatazama watu, akasema: “Mi nafunga Ijumaa saa ya swala na siku ya Idi. Kiboko hayumo.” Akarudi kuketi. Kiboko akanywa maji ya kutawadhia kwenye ndoo ya mlangoni, akaikanyaga ndoo ikawa sahani, akaenda zake.

Mtaa ulicheka muda mrefu. Ila mimi kilichonifaa si kiboko, ni karani wa Mzee. Karani yule alikuwa ameruka ukuta wa nyuma akaacha hesabu za siku katikati, na aliporudi, Mzee akampeleka stoo kuhesabu magunia, akasema kule hakuna dirisha la kuona viboko. Kiti chake kikabaki kitupu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na gunia la chumvi kichwani kwa sababu sikuwa na pa kulitua. Mzee alidhani ni ushujaa. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia niliishia darasa la nne. Akasema linatosha, kiboko hakufika hata hilo.

Ndivyo nilivyokaa mbele ya mashini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mashini ya kujumlisha, ya chuma, yenye mkono pembeni: unabonyeza tarakimu, unavuta mkono, inalia, inachapa kwenye utepe wa karatasi. Mzee Salumu alikuwa na sheria moja tu juu yake. Kabla ya kuvuta mkono, useme kwa mdomo unategemea ngapi, hata kwa kukisia. Ukisema elfu kama tatu na mashini ikatoa elfu thelathini, mmoja wenu amekosea, na mashini haina sababu ya kuona haya. Ninyi vijana niliowaachia karakana ya programu mwaka huu mnanijua kwa maneno hayo. Mnaniona naguna mbele ya skrini kabla ya kubonyeza, mnacheka. Sikuyatoa kwenye kitabu.

Mmeniomba niandike tulivyokuwa tukifanya kazi wakati wa vita. Nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havina hadithi.

Mzee alipofariki, wanawe walilipunguza duka, na vita ilikuwa imekwisha kuanza. Mhasibu mmoja aliyekuwa mteja wetu alikuwa na kazi kwenye ofisi ya kukopesha watu pesa za kujenga, pale katikati ya mji. Jina la ofisi halina faida hapa. Walikuwa wamenunua ordinateri, ndiyo kompyuta, wakatafuta mtu wa kuingiza tarakimu bila kutazama vidole. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea. Siku ya kwanza nikakuta chumba chenye mashini ya kupoza hewa na kitambaa cha kufumwa juu ya skrini kama kitanda cha bibi harusi. Kabla ya kuingia tulivua viatu kwa sababu ya vumbi. Mimi mtu wa msikitini haikunisumbua. Lakini Direkta, mkuu wa ofisi, alikuja kukagua na soksi iliyotoboka, kidole gumba kikatusalimia sote, na tangu siku hiyo amri ya viatu ikafutwa. Vumbi likaingia kwa cheo.

Mwenye chumba kile alikuwa Madamu Goreti. Alikuwa amesoma chuo kikuu, akakaa Mutanga Sud karibu na kampasi, na ndiye pekee aliyejua kuandika programu. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye kunywa chai ya tangawizi mpaka kikombe kikabadilika rangi. Alisema Kifaransa na ordinateri, Kirundi na wazazi wake, na Kiswahili na mimi, na akikasirika alizichanganya zote tatu. Sikuajiriwa kuandika programu. Niliajiriwa kubonyeza. Lakini vita haikusoma mikataba ya kazi. Kulikuwa na siku za mji mfu, vijana wanafunga barabara na matairi, na Madamu Goreti hawezi kushuka kutoka Mutanga. Mimi kutoka Buyenzi nilikuja kwa miguu, nikipita nyuma ya nyumba. Basi ikawa yeye ananifundisha leo ili kesho, asipofika, kazi isilale. Nikamwambia mimi ni wa darasa la nne. Akanijibu, “Rama, ordinateri hata chekechea haijafika. Ndiyo sababu tunaiambia kila kitu.”

Programu yetu ya kwanza pamoja ilikuwa ndogo. Mtu anakuja kwenye gishe, ndiyo dirisha la wateja, anasema anataka mkopo wa nyumba, unaingiza vitu vitatu: mkopo, riba, miezi. Inakutolea kila mwezi atalipa kiasi gani. Basi. Ninyi leo mnaifanya mkiwa mmesimama. Sisi ilitutoa jasho, na niwaambie jasho lilitoka wapi, maana naona mnatokwa na lilelile.

Mara ya kwanza tuliingiza mkopo wa kawaida tu, mashini ikasema mteja atalipa kila mwezi zaidi ya bei ya nyumba nzima. Mimi nilikuwa nimeshakisia kwa mdomo, nikajua kuna uongo. Madamu akatazama, akacheka. Riba inasemwa kwa mwaka, na inasemwa kwa mia. Mashini hatukuiambia lolote kati ya hayo. Iliichukua riba ya mwaka ikaila kila mwezi, tena nzima nzima, bila kuigawa kwa mia. Ukiona jibu limezidi mno, usianze kubomoa nyumba. Uliza kwanza kila tarakimu: wewe ni ya mwaka au ya mwezi? Wewe ni asilimia au umeshagawanywa?

Ikafuata habari ya koma. Sisi watu wa shule za Wabelgiji tunaandika nusu kwa koma. Programu ilitaka nukta. Mtu akiandika kumi na mbili koma tano, programu inakufa palepale na kuacha skrini nyeusi, na mteja anatutazama kama tumemuua sisi. Na kwenye klavye zile za Kifaransa, vile vibao vya kubonyezea herufi, nukta mpaka ubonyeze vidole viwili. Direkta akasema watu wafundishwe kuandika nukta. Madamu akamjibu mji mzima hauwezi kwenda shule kwa ajili ya mashini moja. Akaandika mistari michache: pokea alivyoandika mtu kama maneno, ukiona koma weka nukta, ndipo ugeuze kuwa namba. Hilo nalishika mpaka leo na mtanisamehe nikilipigia kelele. Mtu akikosea vilevile kila siku, si yeye aliyekosea, ni mlango wako ulio mwembamba.

Kichekesho kilikuwa jumla. Malipo ya mwezi yalitoka sawa, lakini tukiyazidisha kwa miezi yote ili kumwonyesha mteja jumla, zilitoka namba zenye alama ya kutoa mbele yake. Yaani ofisi ndiyo itamlipa mteja. Mteja wa siku hiyo alikuwa dereva wa lori, mwenye tumbo, akaegemea dirisha akaona, akasema hiyo ndiyo benki aliyokuwa akiitafuta maisha yake yote, asaini wapi? Tulikuwa tumeiweka jumla kwenye sanduku la namba ndogo. Malipo ya mwezi mmoja yanaenea, ya miaka yote yanafurika, na sanduku likifurika halisemi, linaanza kuhesabu kutoka upande wa pili, chini ya sifuri. Chagua sanduku kwa kitu kikubwa kitakachoingia siku moja, si kwa kidogo ulicho nacho mkononi.

Na mfanyakazi wetu mmoja alipewa mkopo bila riba, tukaandika sifuri, programu ikakata roho. Kanuni ya malipo inagawanya kwa kitu kinachotokana na riba, na riba ikiwa sifuri unagawanya kwa kitu kisichokuwepo. Mkopo usio na riba utengewe njia yake: gawanya mkopo kwa miezi, umemaliza. Nilimwambia Madamu kwamba Waislamu tunaijua njia hiyo tangu zamani. Akaniambia niache mahubiri, niandike.

Mwaka nchi jirani zilipotufungia mipaka, tulikosa hata utepe wa wino. Tulikuwa tunaupaka wino wa mihuri kwa brashi ya kucha aliyoileta Madamu nyumbani, karatasi zikatoka na harufu ya saluni. Disiketi mpya za kuhifadhia kazi hazikuwepo, tukawa tunaandika juu ya zilezile mpaka nyingine zikakataa. Umeme nao ulikwenda na kurudi utakavyo, tukajifunza kuhifadhi kazi kila baada ya mstari. Mtu akiniambia leo kwamba kazi yake imepotea kwa sababu umeme umekatika, simpi pole. Namuuliza umeme wa Bujumbura ulimwahidi nini.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kwetu mtu hapewi pesa zote za nyumba kwa mara moja. Anapewa vipande vitatu. Cha kwanza ni cha msingi. Msingi ukiisha, mtu wa ofisi anakwenda kuutazama, anaukanyaga kwa kisigino, anarudi, kinatolewa kipande cha kuta. Kuta zikisimama, anakwenda tena kuzigonga, kinatoka cha mabati. Zamani vipande hivi vilifuatana upesi, mafundi wakali, matofali yako karibu. Ndiyo maana siku ya kusaini mkataba tuliandika tarehe za vipande vyote vitatu palepale, na hakuna aliyerudi kuziangalia. Kuahidi na kutoa kulikuwa kitu kimoja. Na kwenye programu yetu ndogo, “mkopo” ulikuwa mkopo mzima, tangu siku ya kwanza. Tofauti ilikuwa ndogo, hata mteja mwenye uchungu na pesa yake hakuiona.

Halafu Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa mji, ikaishiwa watu. Sitaeleza, mliokuwepo mnajua, ambao hamkuwepo waulizeni mama zenu wakiwa wametulia. Kartie nzima ikawa kimya, watu wako milimani, wengine kambini, wengine Uvira ng'ambo ya mpaka. Mtu wetu wa kukanyaga misingi hakwenda tena, na vipande vilivyobaki havikutolewa, vilibaki ofisini. Watu walipoanza kurudi, mmoja wao alikuwa Mama Yuliana.

Alikuwa mjane, muuza mkaa, mwenye parsela yake Kamenge, kiwanja alichoachiwa na mume. Alichukua mkopo kabla ya mambo kuharibika. Alipewa cha msingi akajenga msingi, akalipa vizuri miezi yake, ndipo wakakimbia. Aliporudi alikuta msingi wake umeota majani, akayang'oa, akapiga hema juu yake, akaanza tena kuuza mkaa na kulipa. Siku moja akaletewa barua ya ofisi: deni limezidi, asipolimaliza lote parsela itachukuliwa. Akaja nayo kwenye gishe, mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Nikaingiza jina lake, mashini ikatoa namba. Nikaguna. Ilikuwa namba ya mtu mwenye nyumba nzima.

Nikamsomea. Hakupiga kelele. Alikuwa na mikono myeusi ya mkaa, ameificha chini ya kitenge ili asichafue meza yetu. Akasema polepole, “Musingi nitalipa, mwanangu, sababu naukanyaga kila siku. Lakini paa, mi sijalala chini yake hata siku moja.”

Nilipeleka neno lake kwa Madamu Goreti kama lilivyo. Akaweka kikombe chini. Alikuwa ameliona kabla ya mimi kumaliza. Kanuni tuliyotumia ni ya pesa zilizotolewa zote siku moja, na hizi hazikutolewa siku moja, nyingine hazikutolewa kabisa. Akasema kanuni itupwe, tutembee mwezi kwa mwezi: mwezi huu mteja ana kiasi gani mkononi, riba ya hicho tu, amelipa ngapi, kimebaki ngapi, twende mwezi unaofuata. Ni mistari mingi zaidi lakini haidanganyi.

Tuliandika, tukaingiza faili la Mama Yuliana, na jibu likatoka karibu lilelile. Mimi nilitaka kuipiga mashini kofi. Madamu akanizuia, akanifundisha kitu nilichokitumia miaka yote iliyofuata kuliko kingine chochote: usilitazame jibu la mwisho, iambie mashini iseme inachofikiri kila hatua. Tukaiweka ichape, mwezi hadi mwezi, kiasi inachoamini kiko mkononi mwa mteja. Karatasi ikashuka, tunasoma pamoja kidole kwa kidole. Msingi, sawa. Msingi, sawa. Halafu mwezi mmoja kiasi kikaruka juu, na baada yake kikaruka tena. Madamu akasoma tarehe, akaiwekea kidole. Mashini ilikuwa imetoa pesa za kuta, kisha za mabati, kwa tarehe zile tulizoziandika siku ya mkataba. Mwezi ambao mashini iliezeka paa, Kamenge haikuwa na mtu wa kushika ngazi.

Basi kosa halikuwa la hesabu. Tuliiuliza mashini siku ya ahadi, hatukuiuliza siku ya kutoa. Tukaongeza sehemu ya tarehe ya kutolewa kweli, na kama iko tupu, kipande hakijatoka, kisihesabiwe. Hata hapo tuliteleza, maana tarehe tupu mashini iliisoma kama sifuri, na sifuri kwake ni zamani sana, kabla ya babu zetu, ikahesabu riba ya miaka hiyo yote. Tuliona namba tukacheka mpaka mlinzi akaja. Tukaiambia: tupu ni tupu, pita. Halafu tukaijaribu kwa mkopo mdogo wa uongo, wa miezi michache, unaoweza kuuhesabu kwa kalamu. Kalamu na mashini zikakubaliana. Kijana, programu isiyokubaliana na kalamu kwenye kitu kidogo, usiipe kitu kikubwa.

Madamu Goreti alikwenda mwenyewe kwa Direkta na karatasi zote mbili, ya programu ya zamani na ya mpya. Alikaa humo ndani muda, akarudi na midomo imebanwa. Akanieleza. Direkta ameelewa, tena vizuri, si mjinga. Amesema programu mpya ni nzuri, itumike kwa wateja wapya. Wa zamani waendelee na ya zamani, kwa sababu barua zimekwisha kutoka, na ofisi ikianza kusema ilikosea kwa mmoja itasema kwa Kamenge nzima. Tena parsela za Kamenge, amani ikirudi, zitakuwa na thamani. Hilo la mwisho alilisema akiwa ameshika mlango, aliniambia Madamu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

“Sasa tufanye nini?” nikamuuliza.

“Mi nimesema yangu. Programu mpya iko kwenye mashini yako ya gishe tayari, sijaitoa. Wakikuuliza, sema ni mimi nimeiweka. Mi nina diploma, watanivumilia kidogo. We watakutupa.”

Nilimwambia sawa ili anywe chai yake. Sikukusudia kumtaja hata kidogo. Mtu anifundishe kazi, halafu nimpe mzigo wangu abebe? Buyenzi hatukulelewa hivyo, na kama mtu ataudhika kwa kuwa nasifu mtaa wangu, aandike kumbukumbu zake.

Siku iliyokuwa ya mwisho kwenye barua ya Mama Yuliana, Madamu hakufika, barabara ya Mutanga ilifungwa. Mama Yuliana alifika. Alitembea kutoka Kamenge asubuhi, na alikuja na pesa alizoweza kukusanya, zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Alisimama dirishani kama mtu aliyekuja kusikia habari ya mgonjwa. Kulikuwa na programu mbili kwenye skrini yangu, ya zamani juu na mpya chini. Nikakisia kwa mdomo kama nilivyofundishwa: msingi, miezi aliyolipa, miezi ya kukimbia, riba ya msingi tu. Nikabonyeza ya chini. Namba ikatoka karibu na mdomo wangu.

Nikamsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama miezi ya kukimbia imo, nikamwambia imo, ya msingi, hiyo sikuweza kuitoa. Akatikisa kichwa, akasema ni haki, msingi haukukimbia. Nikachapa, nikatia muhuri wa gishe, nikasaini jina langu lote, Ramadhani, kwa herufi kubwa ili asitafutwe mwingine. Alichokuja nacho kilitosha, kwa shida, lakini kilitosha. Akaenda dirisha la pili kwa mtunza pesa, ambaye alipokea bila kuuliza maana muhuri ulikuwa wa kweli, akampa risiti ya kumaliza deni. Mama Yuliana akazifunga karatasi zote mbili kwenye ileile ncha ya kitenge, mahali pesa zilipotoka. Akanipa mkono, akakumbuka mkaa, akaurudisha. Mimi nikaufuata chini ya meza nikaushika.

Alikuwa ametoka muda mfupi tu, Direkta akashuka. Mtunza pesa alikuwa amempelekea daftari la siku, naye jina la Yuliana alilijua. Alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma skrini.

“Nani ameweka hii programu hapa?”

“Mimi, Bwana Direkta.”

“We? Hujui hata kuandika barua.”

“Barua sijui. Hii najua.”

Hakupandisha sauti. Wakubwa wa kweli hawapandishi. Akasema nilichofanya kina jina, na kuna watu wa kukishughulikia, lakini leo bado kinaweza kurekebishwa. Nitaitoa programu mpya, nitachapa upya kwa ya zamani, na yule mama atarudishiwa pesa zake na kuandikiwa kwamba kulikuwa na hitilafu ya mashini. Nikamwambia mashini haikuwa na hitilafu. Akasema mashini husema inachoambiwa. Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye niliyeiambia, nimeiambia alichopewa yule mama, basi. Kama ofisi ina paa la Mama Yuliana mahali, tupande gari twende tukalitazame, mimi nitashika ngazi.

Mtunza pesa alikuwa anahesabu noti zilezile kwa mara ya pili ili asituangalie.

Direkta akatazama mlango, kisha saa yake. Bila karatasi zile mbili, yule mama angekuwa na maneno tu, na maneno ya muuza mkaa wa Kamenge wakati ule hayakuwa na uzito wa gunia lake. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua.

“Mfuate,” akasema. “Hajafika mbali. Mwambie kuna saini imesahauliwa. Leta karatasi zote mbili hapa, na sisi tutasahau ya leo. Kimbia.”

“Naenda, Bwana Direkta.”

Nikasimama. Nikapita mbele ya dirisha la mtunza pesa, nikamsalimia mlinzi, nikashuka ngazi za mlangoni. Mama Yuliana alikuwa ng'ambo ya barabara, amesimama na watu wanaosubiri basi la Kamenge, mkono wake umeshika ile ncha ya kitenge. Aliponiona nimetoka bila koti, uso ulimsawijika.

“Kuna neno, mwanangu?”

“Apana, mama. Hakuna neno. Nafunga kazi.”

“Mapema hivi?”

“Leo mapema.”

Basi likaja, likiwa limejaa nusu, akapanda, akakaa upande wa dirisha na hakuiachia ile ncha. Nikangoja mpaka lilipokata kona ya kwenda kaskazini. Kwenye dirisha la juu la ofisi mtu alikuwa amesogeza pazia. Nikageuka nikashika barabara ya Buyenzi kwa miguu, bila haraka, katikati ya watu. Koti langu lilikuwa bado kwenye kiti. Sikurudi kulichukua.